Waranti ya maisha, maisha ya nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Iyumbu, Dodoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Tangu nilipotazama mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali mwaka 2025 nimepata wazimu. Nataka baiskeli nyepesi ya mbio za porini. Siku za kazi niende nayo ofisini, Jumamosi nipande vilima na kuzunguka njia za Hombolo. Nina kilo 82 na milioni nne. Nimepata mbili, zote za gurudumu la inchi 29. Ya kwanza ni ya kaboni, kilo 9.8, shokapu ya upepo, gia 12 nyuma, imetumika kidogo Ulaya. Jamaa wa Dar anaiuza milioni 3.6 na anasema kiwanda kinatoa waranti ya maisha. Ya pili ni mpya, alumini, kilo 13.4, gia tisa nyuma, iko duka moja la Dar, milioni 2.9, waranti mwaka mmoja. Moyo uko kwenye kaboni. Nichukue ipi, na hiyo waranti itanisaidiaje nikiwa huku Dodoma?"

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa huo wazimu, na pole, maana hauna dawa. Wale wa Kigali walikuwa kwenye baiskeli za lami. Ukiingia na ile kwenye mchanga wa korongo utaibeba begani. Hizi ulizozipata ndizo zenyewe. Mbio zake ziliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na kazi yake ni hiyohiyo unayoitaka.

Nakupa jibu mapema usije ukasoma yote umekunja uso: chukua alumini, kwa masharti.

Tuanze na hilo neno "maisha", maana ndilo lililokulegeza. Ni kweli viwanda vikubwa kama Trek, Specialized na Giant hutoa waranti ya maisha kwenye fremu. Ila maisha hayo ni ya mnunuzi wa kwanza, aliyeinunua kwa wakala wa kiwanda, kwa muda wote ambao baiskeli iko mikononi mwake. Siku yule Mholanzi au Mjerumani alipoiuza, waranti ya maisha ilibaki kwao, haikupanda kontena. Hata pale ambapo kiwanda kinamwachia mnunuzi wa pili muda kidogo, kitataka kuona risiti ya ununuzi wa kwanza. Muulize huyo jamaa kama anayo. Utasikia kikohozi.

Halafu waranti ya baiskeli haijawahi kuwa moja. Mwenye fremu ana yake. Shimano wana yao kwa gia na breki, miaka miwili kwa kawaida, mitatu kwa daraja la juu la XTR. SRAM, watengenezaji wengine wa gia, wana yao ya miaka miwili. Na zote hazigusi kinachoisha kwa kutumika: cheni, tairi, pedi za breki, beringi zilizokula vumbi. Hazigusi ajali. Hazigusi kitu kilichofungwa vibaya. Zinalipa kosa la kiwanda tu, na kosa hilo ni juu yako kulionyesha.

Mimi mwenyewe niliwahi kulionyesha, na sitasahau. Miaka kadhaa nyuma nilinunua alumini mpya kwenye duka moja la Dar, jina nalihifadhi. Mwezi wa nane tangu niinunue nikaanza kusikia mlio, tik, tik, kila nikikanyaga pedeli ya kulia. Nikabadilisha beringi za braketi, pale chini ya fremu pedeli zinapozungukia. Nikapaka grisi bomba la siti. Mlio uko palepale. Jumapili moja naiosha, nikaona kitu kama unywele mweusi kimelala pale bomba la siti linapokutana na mabomba ya nyuma. Nikafuta kwa kitambaa, hakikutoka. Nikapitisha ukucha taratibu, ukucha ukanasa. Hapo nikajua ni ufa.

Nikapiga simu dukani. "Ilete." Nikaifungua, nikaipanga kwenye boksi, nikaipakia basi. Wiki ya pili wakaomba risiti. Nikaitoa kwenye pochi ile karatasi ya EFD: nyeupe pee, kama haikuwahi kuandikwa kitu. Risiti zile huchapwa kwa joto, na joto la pochi na la kibanda changu lilikuwa limeshazifuta herufi zote. Mwezi mzima ukaisha wakitafuta kumbukumbu kwenye mashine yao. Kiwanda kilipojibu, kilikubali bila ubishi kwamba kosa ni lao. Fremu mpya ikafika mwezi wa tano tangu nipige simu ya kwanza, na ilikuwa ya toleo jipya: nafasi ya gurudumu la nyuma milimita 148, wakati habu yangu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ya 135. Gurudumu langu haliingii. Waranti ililipa fremu. Habu, ringi, spoku, ufundi wa kufunga upya na nauli ya boksi kwenda na kurudi vilikuwa juu yangu. Na hao walikuwa watu waungwana, sikudhulumiwa.

Sasa fikiria mlolongo huo ukiwa na yule jamaa wa kaboni.

Nije kwenye uzito, kwa sababu najua hiyo 9.8 inakuita usiku. Tofauti ya baiskeli zako mbili ni kilo 3.6. Lakini kilimani hupandi na baiskeli peke yake: kuna wewe kilo 82, chupa mbili za maji, pampu, spana. Jumla unasukuma karibu kilo 98 kwa alumini na 94 kwa kaboni, yaani tofauti haifiki asilimia nne. Kwenye mlima wa dakika kumi utaokoa kama sekunde ishirini na kitu. Tambarare ya kwenda Ihumwa, ambako adui ni upepo wa Agosti unaokupiga kifuani, hutaona tofauti yoyote ya maana. Kama unashindana, sekunde ishirini ni nyingi. Kama unakwenda ofisini, ukipunguza chapati utaokoa zaidi, na hilo naliandika huku nikishika tumbo langu mwenyewe.

Kuna uzito ninaokuruhusu uupiganie, na uko sehemu mbili. Ya kwanza ni shokapu. Hujaniambia alumini ina shokapu ya aina gani, na hapo ndipo sharti langu la kwanza lilipo. Zile za springi ya chuma zinazofungwa kwenye baiskeli za bei ya chini zina uzito wa kilo mbili na nusu na kitu. Za upepo za daraja la mbio huanzia kilo moja na nusu hadi mbili hivi. Na zaidi ya uzito, ya upepo unaijaza kulingana na mwili wako. Springi ya kiwandani imetengenezwa kwa mtu wa wastani ambaye mimi sijawahi kukutana naye. Wewe wa kilo 82 ukipiga shimo inagonga mwisho, mwenzio wa kilo 55 haimbonyei kabisa. Kama ya dukani ni ya springi, usiikatae papo hapo. Angalia bomba la mbele la fremu ambapo shokapu inaingia: kama limenenepa kwenda chini, utaweza kubadilisha baadaye kwa shokapu nzuri zaidi. Kama limenyooka sawasawa juu hadi chini, chaguo litakuwa finyu sana, na mimi ningeiacha hiyo baiskeli.

Sehemu ya pili ni matairi. Tairi la waya la bei rahisi la 29 linakaribia kilo moja. La kukunjika lina gramu 650 hadi 750. Tyubu yake ni gramu 200 hivi. Ukifunga tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu, kila gurudumu linapungua, na linapungua pembeni kabisa ambako mguu unahisi kila unapoanza kukimbia. Lakini huku kwetu sikushauri tyublesi kwa ajili ya uzito. Nakushauri kwa ajili ya mbigili. Unazijua: zile mbegu za miiba mitatu minne zinazotambaa kando ya njia baada ya mvua, zikikauka zinakuwa chuma. Ongeza miiba ya migunga iliyokatwa kuzungushia maboma. Mwezi Juni nilimpokea kijana ametoka njia za Hombolo, tairi la mbele nikahesabu mbigili kumi na moja. Alikuwa na dawa ya pancha ndani ya tyublesi. Ukichomoa mmoja, tone jeupe linatoka, linaganda, basi. Mwenzake wa tyubu alirudi na bodaboda, baiskeli mabegani. Ila joto letu linakausha ile dawa mapema kuliko chupa inavyodai. Mimi hufungua na kutazama kila baada ya miezi miwili wakati wa kiangazi.

Sharti la pili ni habu ya nyuma. Gia tisa kwa kawaida huja na kaseti, yaani meno ya nyuma yanayochomekwa juu ya habu, na hilo ni jema, lakini thibitisha. Kuna baiskeli zinazopendeza kwa macho halafu nyuma zimefungwa friwili, meno ya kusokota kwa uzi kwenye habu. Kwa friwili, beringi ya upande wa kulia inakaa ndani sana, ekseli inabaki ikining'inia, na mtu wa kilo 82 kwenye makorogesho ataipinda kabla ya mvua za Desemba. Ikiwa na ekseli nene ya kupenya, ile inayoingia kwenye tundu na kukazwa kwa skrubu, ni bora zaidi, japo kwa bei hiyo huipati kila mara.

Sharti la tatu, braketi iwe ya kukaza kwa uzi. Zile za kugongelea kwenye fremu ni tamu kiwandani. Huku vumbi likiingia zinalia kama mlango wa zizi, na fundi wako wa Nkuhungu hana kifaa cha kuzitoa bali nyundo. Namjua, ataitumia.

Gia tisa dhidi ya kumi na mbili? Hapo sioni sababu ya kuona aibu. Cheni na kaseti ya tisa ni rahisi kuipata, hata ya mtumba (mtumba wa kuvaa, siyo Mtumba ya ofisini kwako). Ya kumi na mbili utaagiza Dar au nje, na kwanza ujue habu yako inataka kaseti ya aina gani, maana Shimano na SRAM kila mmoja ana meno yake ya kushikia. Cheni ya kumi na mbili ikiliwa na mchanga bila wewe kuipima, inaondoka na kaseti, na kaseti hiyo ni pesa ya fremu ya mtu.

Kuhusu tairi, jambo moja dogo linalowapoteza watu wengi pale Majengo. Ukikosa la 29 utaambiwa, "Chukua la 28, liko karibu." Haliko karibu. Ringi ya 28 ya Phoenix, ile ya mzee wetu, ina kipenyo cha milimita 635. Ya kwako inayoitwa 29 ina 622. Yaani 28 ni kubwa kuliko 29! Majina haya yalipangwa na watu wasiosalimiana. Soma ubavuni mwa tairi: ukiona 622 linaingia, hata kama mbele yake wameandika 700.

Na breki. Kama ni za mafuta, uliza ni mafuta gani kabla hujaondoka dukani. Shimano na Tektro hutumia mafuta ya madini. Ukimwachia fundi wa magari akakujazia DOT 4 ya duka la spea, raba za ndani zitavimba, breki itakufa, na waranti itakufa nayo.

Sasa tuseme alumini imepita masharti yote. Kabla ya kulipa muulize mwenye duka maneno matatu, na majibu ayaandike, hata kwa ujumbe wa simu: nani anaamua kama ubovu ni wa kiwanda, ni yeye au kiwanda? Baiskeli ikiharibika nikiwa Dodoma, naileta yote au picha na kile kipande vinatosha? Nauli na ufundi ni vya nani? Muuzaji mwenye wakala nyuma yake anajibu bila kutafuta maneno. Anayesema "wewe usijali, tutaongea tu" huyo hana kitu, na mwaka mmoja wake ni sawa na ile "maisha" ya mwenzake. Mkumbushe pia akupe vipande viwili vya akiba vya ile alumini ndogo inayoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu. Kila fremu ina umbo lake, kimetengenezwa ili kivunjike chenyewe fremu ipone, na siku kikivunjika Chamwino hutakipata kwa pesa yoyote. Kwa fremu mpya nyingi siku hizi kuna kile cha umbo la pamoja walichokileta SRAM mwaka 2019. Ukikuta hicho, una bahati.

Risiti ya EFD dai, ipige picha hapohapo kwenye kaunta, na picha uitume kwenye barua pepe yako. Geuza baiskeli, chini ya braketi kuna namba ya fremu. Piga picha na hiyo, na mwambie aiandike kwenye risiti au kwenye kadi ya waranti pamoja na muhuri. Kama kiwanda kina usajili wa mtandaoni, jisajili ukiwa umesimama pale. Halafu usiipakie basi ikiwa uchi. Nimeona baiskeli imelazwa kwenye buti, juu yake gunia la dagaa na begi la chuma la mwanafunzi. Omba boksi iliyoijia, toa gurudumu la mbele, na katikati ya miguu ya shokapu weka kipande cha ubao cha upana uleule ili isiminywe. Alumini ikibonyea unaona. Kaboni inaweza kuvunjika ndani, nje rangi ikabaki nzima, nawe ukaja kuligundua unashuka mlima. Hiyo ni sababu nyingine ya kuogopa kaboni iliyosafiri kontena chini ya vitu usivyovijua.

Siku ubovu ukitokea, acha kuiendesha. Usimpe mtu wa kuchomelea. Pale mjini wapo mafundi hodari wa alumini, wataziba ufa wako kwa dakika kumi, lakini moto ule unaulainisha ule ugumu ambao fremu ilipewa kiwandani, na baada ya hapo hakuna kiwanda kitakachokusikiliza. Osha, kausha, piga picha ya baiskeli nzima upande wa gia, kisha namba, kisha ufa ukiwa umewekewa shilingi mia pembeni uonekane ukubwa wake. Andika ilivyokuwa: tarehe, njia, ulisikia nini. Na useme kweli. Mafundi wote duniani tumeshasikia "nilikuwa naenda tu taratibu", na ringi ya mbele iliyobonyea inatucheka pembeni. Ukidanganya kwa hili, hata lile la haki yako litatiliwa shaka. Wengi wa viwanda huuza fremu kwa punguzo kwa mteja wao aliyepata ajali; kusema "nilianguka" kunaweza kukupa zaidi ya uongo.

Peleka dai kwa aliyekuuzia, kwa maandishi. Ukimwandikia kiwanda moja kwa moja watakurudisha kwake. Akikuzungusha, mkumbushe kwa heshima kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, waranti iwepo isiwepo, na kwamba Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Mara nyingi kulitaja jina la Tume kunatosha. Mimi ningeanza na simu ya upole, hata mbili. Anayekupigania kiwandani ni huyohuyo, na ukimkasirisha siku ya kwanza faili lako litakaa chini ya mengine.

Shokapu ina mtego wake. RockShox, watengenezaji wa shokapu, kwa mfano, hutaka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa oili mpya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Ukienda kazini na kurudi saa moja na nusu kwa siku, siku tano, saa 50 zinaisha kabla ya wiki ya saba kumalizika. Hakuna anayefanya hivyo Dodoma, hata mimi nachelewa. Lakini uwe na daftari la tarehe na picha, maana shokapu ikivuja mwezi wa kumi tangu uinunue swali la kwanza litakuwa: mara ya mwisho ilifunguliwa lini?

Na ile milioni moja na laki moja itakayobaki, usiimalize siku hiyo. Matairi ya kukunjika na dawa ya pancha kwanza, pampu ya shokapu, kile kipimo kidogo cha kupima cheni. Endesha miezi mitatu. Shokapu ya upepo, kama itahitajika, tutaizungumza baada ya mvua.

Kama bado roho inataka kaboni, basi ihesabu kama kitu kisicho na waranti hata senti, na bei ishuke kulingana na hilo. Nenda nayo kwa fundi mchana, siyo jioni. Chomoa siti umulike tochi ndani ya bomba. Gonga kwa sarafu kutoka braketi kwenda nyuma na kutoka shingoni kwenda chini. Sauti kali ni nzuri, ikiwa butu sehemu moja simama hapo. Kama namba ya chini imekwaruzwa, rudisha baiskeli, kunywa maji, panda daladala urudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi nipo Area C. Ukishanunua ipitishe hapa nikuwekee upepo wa shokapu kwa uzito wako. Njoo umevaa na kubeba kila kitu unachobeba ukienda kazini, chupa zikiwa zimejaa.